Mjadala: Ni haki mfanyakazi kupewa alama za "mtazamo chanya"?

Mleta mada: Wadau, salaam. Kazini kwetu fomu ya tathmini ya mwaka imeongezwa kipengele cha "mtazamo chanya". Rafiki zangu walioajiriwa maeneo ya Posta na Masaki hapa Dar es Salaam wananiambia kwao kipo pia. Bosi anakaa anakupa alama, na alama hizo zinaingia kwenye hesabu ya nyongeza ya mshahara. Naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Msimamo wangu ni huu: mtazamo wa mtu una nguvu kubwa, tena naiamini nguvu hiyo kwa moyo wote. Lakini ni mali ya mwenyewe. Siku mwajiri anapoanza kuupangia alama, watu watamletea tabasamu na yaliyomo moyoni wataondoka nayo nyumbani.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Alia Crum na Ellen Langer, walichapisha utafiti wao kuhusu wanawake 84 wa usafi wa vyumba hotelini. Kundi moja lilielezwa kwamba kutandika vitanda na kusugua mabafu kunatosha kabisa kuwa mazoezi ya mwili. Kundi la pili halikuelezwa kitu. Baada ya wiki nne, walioelezwa walikuwa wamepungua uzito na presha imeshuka, ilhali wenyewe walisema hawakubadili mwenendo wao. Watafiti wengine waliojaribu jambo kama hilo baadaye hawakupata matokeo yale, kwa hiyo siuegemei peke yake. Ninachokiona mimi ni namna wale akina mama walivyotendewa: walipewa habari ya kweli kuhusu kazi yao, habari inayoipa kazi hiyo heshima. Hakuna aliyewaamuru wachangamke.

Upande wa pili yupo mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, ambaye mwaka 1983 aliandika kuhusu wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba kulazimika kuonyesha furaha usiyokuwa nayo ni kazi kamili, inachosha, na inaweza kumfikisha mtu mahali asijue tena hisia ipi ni yake na ipi ni ya kampuni. Karibuni.

Mwenye duka, Kariakoo: Mleta mada, napingana na wewe. Nauza vitenge Mtaa wa Uhuru na nimeajiri mabinti wawili. Mteja akiingia akakuta mtu kanuna, anatoka, anaingia duka la jirani, bei ni ileile na mzigo ni uleule. Uchangamfu kwetu ndiyo biashara yenyewe. Kama ninalipa mshahara kwa ajili ya uchangamfu, kwa nini nisiupime?

Muuguzi, Mbagala: Kaka yangu wa Kariakoo, unachokitaja ni adabu ya kazi, na hapo tuko pamoja. Kumkaribisha mteja, kumjibu mgonjwa kwa lugha nzuri, hayo yanaonekana kwa macho, basi yapimwe. Shida inaanza pale "mtazamo chanya" unapomaanisha usiulize. Nilipokuwa kwenye hospitali moja ya binafsi, glavu ziliisha katikati ya zamu ya usiku. Asubuhi kwenye kikao nikauliza utaratibu wa kuagiza ukoje. Jibu nililopewa mbele ya wenzangu: "Sista, punguza kulalamika, kuwa chanya." Toka siku ile nikaona wenzangu wanajifunza kunyamaza. Dawa ikipungua, kimya. Mashine ikisumbua, kimya. Kwenye fomu sote tulionekana watu wazuri sana, na aliyekuwa akibeba hatari ni mgonjwa kitandani. Mtu anayeuliza glavu ziko wapi anaipenda kazi yake. Huyo ndiye niliyetaka apewe alama.

Dereva boda, Kimara: Wakubwa zangu, nyie mnagombania fomu, sisi hata ajira hatuna. Nimemaliza chuo, napaki boda pale Kimara Mwisho. Nisingekuwa na matumaini, saa hizi ningekuwa nimekata tamaa kabisa. Kwa hiyo tusiupige vita mtazamo chanya. Kwa masikini huo ndio mtaji wa kwanza.

Mleta mada: Mdogo wangu wa Kimara, siupigi vita hata kidogo. Kuna mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gabriele Oettingen, aliyelichunguza hili kwa miaka mingi. Aligundua kwamba mtu akikaa tu kuwaza mafanikio matamu, bidii yake hupungua. Anayeweka ndoto yake mezani pamoja na kikwazo kinachomkabili, akapanga atakivukaje, hufika mbali zaidi. Wewe unayeamka alfajiri huku ukijua bei ya mafuta na hesabu ya tajiri, tayari unaishi hivyo.

Sasa nirudi kwa mwenye duka. Hoja yako ina uzito, na dada wa Mbagala ameijibu vizuri kuliko mimi. Naongeza sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Sasa fikirieni mfanyakazi anayeomba ovataimu yake kwa heshima, halafu alama yake ya mtazamo inashuka kwa sababu "hana moyo wa timu". Sheria imevunjwa, na karatasi inasema mwenye kosa ni yeye. Hicho ndicho kinachonikera kwenye kipengele hiki. Neno zuri linatumika kumnyamazisha mwenye haki.

Mwenye duka, Kariakoo: Kwenye ovataimu nakubali, mtu alipwe. Na huyo sista alionewa, pole sana dada. Lakini bado sijajibiwa. Ninaye binti anayewahi, anasalimia wateja, hesabu yake haina doa. Tatizo akiwepo yeye, mwenzake anakosa raha siku nzima, kila neno linajibiwa kwa kukatishana tamaa. Hajavunja adabu wala sheria yoyote. Nikiondoa hilo neno "mtazamo", nitaanzaje kuongea naye, na nitaandika nini kwenye karatasi? Wenye wafanyakazi humu, nyie mnafanyaje?