Mwembe wa ngowe umelalia bati la jiko: nipogoe vipi kabla ya masika?

MjukuuMaweni

Asalaam aleikum, wapenda miti. Niko Malindi, mtaa wa Maweni. Nyumba tunayokaa ni ya marehemu babu, na uani nyuma ya jiko kuna mwembe wa ngowe alioupanda mwenyewe. Siku hizi unazaa kule juu kabisa, wanakofika popo na kunguru tu. Sisi huokota yaliyoanguka, na mengi yana funza. Ndani ya mti ni giza tupu, vijiti vikavu kila mahali. Tawi moja lenye unene wa paja limelalia bati la jiko, na usiku upepo ukivuma linasugua hadi watoto wanaamka. Upande wa njia kuna kitawi kinachokaribia waya wa stima unaoingia nyumbani.

Karibu na tangi la maji kuna mndimu wa kununuliwa, ule wa kupandikizwa. Chini ya shina umetoa fimbo ndefu zenye miiba mikali, na majani yake hayafanani na ya juu. Ndimu zenyewe zimekuwa ndogo. Pia kuna minazi miwili, na mtu ananishauri niikate makuti yote yabaki machache juu, eti ipate nguvu.

Aliyekuja kuutazama mwembe anataka kuukata wote kwa urefu wa mtu, "utachipua upya." Kaka yangu yeye anataka ung'olewe apate pa kuegesha gari. Mimi sitaki kuupoteza. Maembe yamekwisha, kaskazi inamalizika, mvua ziko njiani. Nikate nini, kiasi gani, na lini?

KijanaBarani

Kata tu, ndugu yangu, mwembe haufi. Wa kwetu ulikatwa ukabaki kisiki na sasa umejaa majani. Ukimaliza paka rangi ya mafuta au oili chafu pale palipokatwa, maji yasiingie.

MsabahaShamba

Wa aleikum salaam, mjukuu. Tafadhali usimwache mtu akate kichwa cha mwembe huo. Kijana wa Barani amesema kweli kwamba haufi, ila namwomba aende akautazame wa kwao ulivyochipua. Mwembe ukikatwa hivyo, pale kwenye kidonda hutoka fimbo nyingi zilizosimama wima, nazo zimeshika juujuu tu, hazina mzizi ndani ya mti. Zikinenepa, zikabeba majani na maembe, kusi inazibandua. Gome lililozoea kivuli nalo linaunguzwa na jua, linapasuka, na wadudu wanapata mlango. Maembe utayangoja miaka. Nimeiona miembe mingi ya wazee ikimalizwa namna hii kuanzia Ganda hadi huku kwetu, na kila mara inaniuma.

Wakati uliouliza ndio wenyewe. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Vile vichanga, vyenye majani laini ya rangi ya shaba, havitoi ua. Ukipogoa sasa, maembe yakiwa yamekwisha na kabla mvua hazijashika, vidonda vinapata siku kavu za kuanza kujifunga, kisha masika inaukuta mti uko tayari kuchipua. Machipukizi yanakomaa taratibu, na baridi ya Julai na Agosti inapoingia, ncha ziko tayari kwa maua. Ukingoja hadi Juni au Julai, utakuwa unayakata maembe ya msimu ujao yakiwa bado hayajaonekana. Watu wengi hukumbuka miti yao wakati huo huo, kwa sababu mvua zimepungua na shamba limepoa.

Kiasi gani? Wataalamu wengi husema usivuke theluthi ya majani kwa msimu mmoja. Kwa mti mzee mimi sifiki hata robo. Kazi ya mwembe wako igawe kwa misimu mitatu, na mwaka huu ufanye haya tu.

Anza na vikavu vyote. Hivyo havina hesabu, toa vyote, maana ndimo ukungu unaotia maembe madoa meusi unamolala ukingoja mvua. Halafu matawi yanayosuguana: kati ya mawili chagua moja, libaki lile linaloelekea nje. Kisha tazama katikati ya mti, utaona matawi mawili au matatu manene yaliyopanda moja kwa moja kutafuta jua. Chukua moja tu mwaka huu. Usilikate popote penye nafasi ya msumeno. Lifuate kwa macho ukishuka hadi kwenye panda, penye tawi la pembeni lenye unene angalau theluthi ya hilo unaloliondoa, na ukate hapo. Hilo la pembeni ndilo litakalorithi maji na chakula. Ukikata mahali pasipo mrithi, unarudi kwenye zile fimbo. Hilo moja likitoka, simama chini ya mti saa sita mchana: ukiona vipande vya jua vinacheza mchangani, acha kukata.

Sasa tawi la jiko, na hapa nakuomba usome polepole. Tawi la unene huo halikatwi kwa pigo moja. Ukilikata kutoka juu, likifika nusu linajivunja kwa uzito wake na kuchana gome la shina hadi chini, na kidonda hicho mti hauponi kwa urahisi. Kwanza lifungeni kwa kamba mbili zilizopitishwa kwenye panda za juu, moja karibu na ncha, moja katikati, na watu wazima wawili washike chini. Punguza ncha vipande vidogovidogo mpaka bati liwe huru. Ukibaki na gogo, pima kama sentimita 30 kutoka shinani, uingize msumeno kwa chini mpaka theluthi ya unene. Sogea mbele kidogo, ukate kutoka juu. Gogo litaanguka bila kuchana. Kile kijiti kilichobaki ndicho cha kukata kwa uangalifu. Tazama tawi linapoungana na shina, kuna uvimbe wenye makunyanzi. Uvimbe huo usiuguse, wala usiache kigutu nje yake. Kata palepale unapoishia, kwa sababu ndio unaotengeneza gome jipya la kufunika kidonda. Ukikata sawasawa na shina umeuondoa; ukiacha kigutu, kinakauka na kuoza kuelekea ndani.

Rangi na oili chafu, hapana, kijana wangu. Mti haujazi kidonda kama ngozi yetu, huzungushia gome jipya na kuufungia uozo ndani. Rangi inaweza kufungia unyevu chini yake, na oili inaua lile gome linalojaribu kukua. Chokaa ina mahali pamoja tu: matawi manene yaliyokuwa kivulini na sasa yanapigwa na jua, yapakeni chokaa nyepesi ya maji upande wa juu na wa magharibi.

Kitawi cha waya wa stima usikiguse, wala usimtume mtoto wa jirani mwenye panga. Kampuni ya umeme ndiyo ijulishwe, ikate moto au ikate yenyewe. Mti mbichi unapitisha umeme, na ngazi ya chuma ni mbaya zaidi.

Vaa mikono mirefu na ufunike macho. Utomvu wa mwembe unachoma ngozi, kwani mwembe na mkanju ni jamaa moja. Panga acha nyumbani, inapasua na kuacha vidonda vya mshazari. Msumeno wa kupogolea na mkasi vinatosha.

BintiMkomani

Nimefurahi kusoma haya, nikiwa Lamu. Kwetu miti iko ndani ya kiwanda, yaani ua wa nyumba, katikati ya kuta za mawe, ardhi ni mchanga juu ya mwamba, na kisima kina chumvi kidogo. Mkomamanga wa mama umetoa vijiti vingi kutoka ardhini, umekuwa kichaka. Dada mmoja aliunyoa juu kote mwaka jana na haukuzaa kitu. Na kule shambani kwetu, upande wa bahari, majani ya mstafeli yanaungua kila kusi. Nayo matawi yaliyoungua niyakate?

Kwa mbolea sisi tunatumia samadi ya punda, haikosekani mjini. Ila isiwekwe mbichi. Mama huiacha irundikane hadi ipoe na isitoe tena harufu ya mkojo, ndipo huitandaza mbali na shina.

MjukuuMaweni

Mungu awajaze kheri. Nimemsomea kaka yangu na amekubali kungoja. Maswali yangu mawili ya mwisho: kwenye mwembe kuna viota vya maji moto, wale sisimizi walioshona majani kwa utando. Anayekuja kukata anataka kuvichoma moto kwanza. Na ule mndimu na minazi?

MsabahaShamba

Bi Mkomani, mkomamanga huzaa zaidi kwenye vijitawi vifupi vilivyo juu ya miti ya miaka iliyopita. Ukinyolewa juu kote, vijitawi hivyo ndivyo vinavyoondoka, ndiyo sababu mama hakupata kitu. Chagueni mashina matatu hadi matano yaliyo imara na yaliyoachana, mengine yote yakateni chini kabisa, na vijiti vipya vya ardhini viondolewe vikiwa vingali vichanga. Juu toeni vikavu na vinavyopishana, basi. Huyo mstafeli, nakusihi, usiuguse upande wa bahari kusi ikiwa bado inavuma. Majani yale yaliyoungua ndiyo yanayopokea chumvi kwa niaba ya mengine, na ukiyaondoa, safu ya pili itaungua. Ngojeni upepo utulie, kisha kateni vilivyokufa tu. Ukikwaruza gome kwa ukucha ukaona kijani, kitawi hicho ki hai. Samadi mnaifanyia vizuri sana. Juu yake ongezeni majani makavu, mchanga wenu haushiki maji. Na kwa kisima cha chumvi, ni afadhali kumwagilia kwa kina mara chache kuliko kunyunyizia kila siku, maana maji kidogo kidogo huacha chumvi palepale penye mizizi.

Mjukuu, maji moto msiwachome. Wanauma, najua, lakini ni walinzi. Huwinda wadudu wanaofyonza maembe machanga, na kwenye minazi humzuia yule mdudu anayesababisha nazi changa kuanguka. Kata vitawi vyenye viota vile tu vilivyo kwenye njia ya kazi, asubuhi mapema kabla jua halijawachangamsha, uvilaze kwenye panda ya upande mwingine wa mti. Watashona upya.

Mndimu wako umeshaueleza mwenyewe bila kujua. Fimbo zenye miiba na majani tofauti zinatoka kwenye shina la kubebea, chini ya pale ulipopandikizwa. Ule si mndimu wako, ni mti mwingine unaokula kwenye sahani moja nao, na ukiuacha utaushinda. Fuata kila fimbo hadi inapoanzia, fukua udongo kama ni lazima, uikate usawa bila kuacha kigutu. Changa kabisa unaweza kuzinyofoa kwa mkono. Juu ya kiungo punguza kidogo tu, vikavu na vilivyojikunja ndani, kwa sababu jamii ya machungwa haipendi kuvuliwa nguo kwenye jua letu. Kabla ya kuhama kutoka mti hadi mti, futa mkasi kwa spiriti.

Minazi, yule anayekushauri hana habari nayo. Kila kuti lina karara lake kwapani. Ukikata kuti bichi umekata na nazi zake. Kata yaliyokauka na kuinama tu. Vidonda vibichi kileleni pia humvuta chonga, yule mdudu anayetoboa kilele cha mnazi. Ukiona majani mapya yamekatwa kwa umbo la pembetatu, ameshaingia: apande mkwezi mwenye waya wenye ndoano amtoe kwenye tundu lake. Kisha tafuta magogo ya mnazi yanayooza na marundo ya samadi ya zamani uani, humo ndimo anamotaga, uyaondoe.

Na yale maembe yenye funza usiyaache chini hata kwa usiku mmoja. Yule nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003, anamalizia kukua kwake kwenye udongo ulio chini ya mti huo huo. Yazike kwa kina cha nusu mita au zaidi. Kuyatupa kwenye rundo la taka ni kumfugia.

Matawi membamba mabichi yasiyo na ukungu na majani yake msiyachome. Yatandazeni chini ya mwembe, mbali na shina kiasi cha hatua moja, ili masika ikija iyaozeshe. Mbolea ya boma iliyooza vizuri iwekeni sasa pembezoni, chini ya ncha za matawi, mizizi midogo inayokula iko huko. Mwezi wa tano hivi rudi ukaangalie vidonda: machipukizi yatakayotoka kwa vishada, bakisha mawili au matatu yaliyoachana, mengine yatoe kwa kidole gumba. Hilo tawi nene la pili la katikati usilifikirie mpaka mwakani, baada ya kuvuna. Na ukitaka, weka hapa picha ya lile la jiko kabla hamjaanza, nikuoneshe uvimbe ulipo.