Mjadala: Kuzidisha mshazari kuondolewe mwanzoni mwa somo la uwiano?

Mpenda_Namba: Watu 6 wanamaliza kazi kwa siku 10. Watu 15 je? Wanafunzi wengi wanaandika 6/10 = 15/x, wanazidisha mshazari (6 mara x, 10 mara 15), wanapata siku 25, wanapiga mstari chini ya jibu. Watu wameongezeka, siku nazo zimeongezeka, na hakuna anayeshtuka! Kazi yote ni siku 60 za mtu mmoja. Gawa kwa 15, unapata 4. Mshazari usubiri mpaka mtoto azoee kuanza na kimoja, yaani kutafuta kwanza hesabu ya mtu au kitu kimoja. Wanaoung'ang'ania ni walimu wasioelewa uwiano.

Mwl_Mkongwe: Wasioelewa? Njoo usimame mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni, mtihani uko karibu, halafu uniambie nani haelewi.

Bi_Kipimo: Mwalimu, punguza hasira. Uwiano ni sehemu tu: a:b ni a/b. Sehemu zikieleweka, uwiano hausumbui.

Nukta_Mbili: Ni sehemu?! Wavulana kwa wasichana ni 2:3. Haya, wavulana ni sehemu gani ya darasa? Ni 2/5. Watoto wanajibu 2/3 kwa sababu ya maneno kama hayo yako, dada.

Bi_Kipimo: Sikusema sehemu ya darasa. Wavulana ni 2/3 ya idadi ya wasichana, na hilo ni kweli tupu. Soma kwanza, kaka.

Mpira_Kwanza: Na 3:0 ya ubao wa matokeo? Haya, gawa kwa sifuri tuone.

Nukta_Mbili: Matokeo ya mpira si uwiano. Uwiano wa 4:2 ni sawa na 2:1, lakini uwanjani 4:2 ni ushindi wa mabao mawili, 2:1 ni wa bao moja.

Mpira_Kwanza: Alama ileile, maana mbili, halafu mtoto akichanganyikiwa anaitwa mzito!

Mpenda_Namba: Jamani, mada ni mshazari.

Mwl_Mkongwe: Mada ulishaiharibu kwa kututukana. Nikupe mfano wa hiyo njia yako ya kimoja. Ramani ya 1:50,000, shamba ni mraba wa sm 2 kwa sm 2. Mtoto anasema: kila sm² moja ni sm² 50,000, mara 4 ni 200,000. Hizo ni mita za mraba 20. Chumba! Ardhini shamba hilo ni kilomita moja kwa kilomita moja. Mshazari umehusika wapi hapo?

Mpenda_Namba: Haujahusika. Hakujua kwamba eneo linafuata mraba wa uwiano, yaani 50,000 mara 50,000. Kanuni bila maana, ndicho ninachokipinga.

Mwl_Mkongwe: Basi sema kanuni, usiseme walimu.

Mpira_Kwanza: Sifuri yangu bado inasubiri.

Nukta_Mbili: Changanya maji vikombe 3 na rangi vikombe 0: ni maji matupu. 3:0 ina maana kamili hapo, 3/0 haina. Kwa hiyo uwiano si sehemu.

Bi_Kipimo: Anza na rangi: 0:3, na 0/3 ni sifuri halali kabisa. Mpangilio ndio uliokushinda.

Nukta_Mbili: Kugeuza mpangilio ni kubadili swali, dada. Nimeuliza maji kwa rangi.