Nyumba ya kijani ni ghali, sawa. Lakini ghali kwa nani?

Mleta mada:
Wadau, likitajwa suala la kujenga kwa viwango vya kijani, yaani nyumba isiyokula nishati na maji mengi, jibu huwa lilelile: ni ghali. Mjenzi anayejenga ili auze ndiye anayelipia vihami joto vya kuta na vioo vya tabaka mbili, ila nafuu ya bili anaipata anayehamia. Mnunuzi naye hukagua vigae na makabati. Hakuna anayebomoa ukuta aone ndani kuna nini. Kwa hiyo bila sheria hakuna kitakachobadilika.

Tazameni Uingereza. Mwaka 2006 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2016 nyumba mpya zote zisiongeze hewa ukaa. Wajenzi wakapewa miaka kumi wajiandae. Julai 2015, tarehe ikiwa mlangoni, mpango ukafutwa. Nyumba zikaendelea kufungwa boila za gesi, yaani mitambo ya kupasha joto nyumba na maji, na kufumua nyumba yenye watu ndani ni ghali kuliko kuijenga vizuri tangu msingi. Akiba iliyotokana na kufuta mpango ilibaki mfukoni mwa nani?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, sheria yako itamwangukia anayejenga kwa kudunduliza, chumba baada ya chumba. Mwambie alipie mkaguzi wa cheti cha nyumba ya kijani uone kama hatajenga bila kibali.

Halafu tusidhani kijani ni vifaa tu. Pande ndefu za nyumba zikitazama kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni linapiga ukuta mfupi. Hiyo ni kazi ya penseli. Hata EDGE, cheti cha kimataifa cha majengo ya kijani, kinadai upunguze asilimia 20 ya nishati, ya maji, na ya hewa ukaa itokanayo na utengenezaji wa vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida. Hakikulazimishi ununue paneli za sola. Wauza paneli ndio hawapendi kulisema hilo.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana kuhusu wenye nyumba. Sisi wapangaji je? Mwenye nyumba asipoboresha, bili yangu. Akiboresha, anapandisha kodi.

Mleta mada:
Hapo mmenibana. Anayedunduliza asidaiwe cheti. Adaiwe mwelekeo wa nyumba, kivuli na madirisha yanayopitisha upepo, basi. Ila anayejenga nyumba mia tano kwa mkupuo simwachii, maana huyo hununua vifaa kwa bei ya jumla na analia kama sisi.

Kuhusu wapangaji, England na Wales walijaribu: tangu Aprili 2018 nyumba ya daraja la F au G kwa matumizi ya nishati, yale mawili ya chini kabisa, haipewi mkataba mpya wa kupangisha, isipokuwa yenye msamaha. Baadaye gharama ya mwenye nyumba ya kuiboresha ikawekewa ukomo wa pauni 3,500. Yeye amewekewa ukomo. Kuna anayepinga nikisema na kodi iwekewe wake, angalau kwa miaka michache baada ya marekebisho?