Uzi wa malalamiko: Walimvuta nyoka anakonda shimoni ili watu wapige selfi, na hela nililipa mimi

Wakuu habari zenu. Nimerudi wiki tatu sasa na hasira haijaisha, nimejaribu kunyamaza nimeshindwa, kwa hiyo mtanivumilia uzi ni mrefu.

Mwezi wa nane nilikuwa Bolivia, natembea na begi langu mgongoni, na sehemu niliyoisubiri kuliko zote ilikuwa Rurrenabaque. Kwa wasiopajua, ni mji mdogo ukingoni mwa mto Beni, pale milima ya Andes inapoishia na msitu wa Amazon unapoanza. Kutoka La Paz unapanda basi unashuka zaidi ya mita 3,000, barabara inazunguka milimani usiku kucha, ukifika miguu imevimba lakini unasahau kwa sababu unajua unakwenda kuona wanyama. Wasafiri wa bajeti ndogo wanapapenda kwa kuwa kuna vitu viwili sehemu moja: kuna hifadhi ya Madidi, huo ndio msitu wenyewe mnene, halafu kuna pampas, yaani nyika za majani zenye mabwawa na mto Yacuma umepita katikati, ni kama masaa matatu kwa gari ya vumbi mpaka Santa Rosa, kisha unaingia kwenye boti nyembamba ndefu yenye injini nyuma.

Sasa matatizo yanaanzia ofisini kabla hata hujavaa gambuti. Ile kampuni siitaji jina, lakini ukutani walibandika tangazo la safari ya msituni, na picha zote zilizokuwa pale, kaimani (ndugu yake mamba) ametanua mdomo, kapibara (kama panya mkubwa saizi ya mbwa) na watoto wake, pomboo wa pinki, anakonda shingoni mwa mzungu anacheka, ni za pampas! Hakuna hata moja ya msituni. Nikamuuliza dada wa kaunta, hawa wote nitawaona Madidi? Akajibu ndiyo, wote. Kulikuwa na kijana na mchumba wake pembeni yangu, wakalipia siku tano za msituni kwa ajili ya zile picha, nilikutana nao baadaye hawana furaha kabisa, wanasema wametapeliwa, hawakuona kitu.

Na hapa niseme kitu ambacho mtu akikuelewesha kabla hujalipa, safari yako yote inabadilika. Msituni wanyama wapo, tena wengi sana, Madidi peke yake imerekodiwa aina zaidi ya 1,000 za ndege, ni hifadhi ya karibu km za mraba 19,000, ilianzishwa 1995. Lakini miti inapanda mita 30 mpaka 40 na maisha mengi yako huko juu, waliobaki chini wengi wanatembea usiku, na majani yamefunga, unaweza kupitana na tapiri, mnyama mkubwa kama nguruwe mwenye pua ndefu, hatua ishirini usimuone. Msitu unasikia, unanusa, unasoma alama kwenye tope. Nyika za maji ni kinyume chake, kiangazi maji yanapungua, wanyama wote wanabanana mtoni na kwenye mabwawa yaliyobaki, hakuna miti ya kuwaficha, umekaa kwenye boti unawaona mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana na Pantanal ya Brazil inasifiwa hivyo, ni tambarare ya maji ya takriban km za mraba 150,000, ukipita ile barabara ya vumbi kutoka Poconé mpaka Porto Jofre kaimani wamelala kandokando kama magogo. Sasa mtu anayeijua hii tofauti kila siku ya kazi yake halafu anamuuzia mgeni msitu kwa picha za mtoni, huyo ni mwizi tu, sina neno lingine.

Mimi nilichukua zote mbili, pampas kwanza, halafu msitu.

Kwenye karatasi yangu ya malipo wameandika kwa mkono, anakonda uhakika 100%. Wakuu, lile neno ndilo lililoniharibia safari nzima na sikuliona wakati ule. Nilifurahi kabisa. Mnyama wa porini ukiahidiwa kwa uhakika, jua kuna mtu keshapanga kwenda kumvuta mkia.

Siku ya kwanza mtoni nilikuwa na furaha sijui niielezeje. Kapibara wamekaa ukingoni familia nzima, hawakimbii, kasa wamejipanga kwenye gogo mkubwa mbele wadogo nyuma, hoatsini wanapiga kelele vichakani, yule ndege mwenye ushungi ambaye vifaranga vyake vina kucha kwenye mabawa. Jioni kwenye kona ya mto ikatokea migongo miwili ya pinki. Wale pomboo wa Bolivia wenyeji wanawaita bufeo, maporomoko ya mto Madeira yamewatenga na wenzao wa Amazon, na tangu 2012 wanalindwa kwa sheria ya nchi. Nilishika ubao wa boti kwa mikono miwili, sikukumbuka hata kutoa simu. Halafu boti ya pili ikaja injini imefunguliwa mpaka mwisho, ikapita juu ya pale walipozamia, watu wakaruka majini wanapiga kelele. Pomboo hawakurudi. Mwongozaji wetu akacheka, akasema kesho na sisi tutaogelea nao.

Jioni hiyohiyo kambini akatupa ngozi ya kuku mtoni, kaimani mkubwa mweusi akatoka chini ya ngazi za jikoni. Wamempa jina. Watu wakapiga makofi. Ngazi hizohizo ndizo tunazoshukia kunawa! Kaimani mweusi anafika mita nne na zaidi, ukimzoesha kwamba mguu wa binadamu ukifika majini maana yake chakula, unategemea nini? Na aina hii iliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka sehemu nyingi ikakaribia kuisha, imerudi kwa shida, halafu tunaigeuza mbwa wa jikoni. Asubuhi ikawa zamu ya ndizi, boti inaegeshwa chini ya mti, kima wadogo wa njano wanashuka mpaka mabegani mwa watu, mama na mtoto mgongoni, wanagombania ganda. Nilisema hapana jamani, nikaambiwa nisiharibu raha ya wenzangu.

Siku ya pili ndiyo hasa nimefungulia uzi huu.

Usiku upepo uligeuka. Kule kuna upepo wa baridi unatoka kusini, wanauita surazo, miezi ya sita mpaka ya nane ndiyo yake, unashusha joto ghafla, jana umeshinda na kaptula unatoka jasho leo umevaa kila nguo iliyomo kwenye begi na bado meno yanagongana. Wakati wa chai mwongozaji mwenyewe alisema, leo nyoka hatutampata, wamejificha, tuwaache, twende tukaangalie ndege. Nampa haki yake, alisema vizuri kabisa na alijua anachokisema. Ni sisi. Tulikuwa wanane, mmoja akatoa ile karatasi kwenye mfuko akaigonga kwa kidole pale palipoandikwa 100%, mwingine akasema kama hakuna anakonda basi tukirudi anaandika rivyu. Jamaa akabadilika sura. Akachukua fimbo yake akasema vaeni gambuti.

Tukatembea kwenye majani yenye maji, mengine yanafika magotini, zaidi ya masaa mawili, gambuti langu la kushoto limepasuka kisiginoni lakini hilo nimeshalisamehe. Pembeni ya bwawa lililokauka kulikuwa na mti, chini ya mizizi kuna shimo. Akapiga magoti, akaingiza fimbo, akaingiza mkono mpaka begani. Halafu akaanza kuvuta. Nilisikia ngozi inakwaruza kwenye mizizi, sauti kama unaburuta turubai kwenye zege, na kila akivuta kidogo yule nyoka anajikaza ndani, anavuta tena, mguu ameutegemeza kwenye mti. Akatoka anakonda wa kama mita tatu, amejaa tope, na alikuwa mzito, mlegevu, yaani hata kujikunja alikuwa anajikunja polepole kwa sababu damu ya nyoka inafuata joto la nje na nje kulikuwa na baridi. Wakaanza kupokezana. Shingoni, selfi. Kiunoni, selfi. Wote mikono imelowa dawa ya mbu, ile yenye DEET, ambayo siku hiyohiyo mkanda wangu wa saa wa plastiki ulishalainika ukaanza kunata kwa sababu dawa ile inakula plastiki, sasa fikirieni ndiyo inapakwa kwenye ngozi ya mnyama aliye hai.

Alipofika mtu wa tano nyoka akaanza kufungua mdomo. Nikadhani anataka kuuma. Kumbe anatapika. Akatoa ndege mzima, manyoya yamelowana yameshikana, miguu mirefu imekunjwa pamoja, harufu sitaisahau. Nyoka akisumbuliwa wakati tumboni kuna chakula anakitapika ili aweze kukimbia, na kile ndicho chakula chake cha siku nyingi, pengine wiki kadhaa, ameshakipoteza. Mnajua watu walifanya nini? Walipiga kelele ya furaha, wakarekodi video! Mwongozaji akamtupa kwenye majani, hakumrudisha hata kwenye shimo lake, akasema haya twendeni chakula kinapoa. Nikageuka nyuma mara mbili tatu. Alikuwa palepale kwenye majani na baridi ile, hajasogea.

Nchi hiyohiyo, wakuu, ndiyo iliyopitisha sheria ya haki za Mama Dunia mwaka 2010, dunia nzima ikaisifia. Na ile nyika ni eneo lililohifadhiwa, kiingilio tulilipa Santa Rosa, risiti ninayo.

Najua kuna mtu atakuja kuandika hapa kwamba acha kulalamika, ndiyo utalii ulivyo, wale vijana wanatafuta mkate. Hapana. Sio lazima iwe hivyo na ushahidi niliuona siku nne baadaye. Msitu nilikwenda na watu wengine, mzee mmoja wa Kitakana, kabila la wenyeji wa kule, aliyezaliwa mtoni kule, na siku ya kwanza kabla ya kuondoka alitukalisha akatuambia wazi, jagwa, yule paka mkubwa kama chui, hamtamuona, labda alama ya mguu wake, na mkiniomba nimtafute sitamtafuta. Hakuna aliyenung'unika kwa sababu hakuna aliyedanganywa! Tulitembea kimya. Alisimama ghafla akanusa, akatuonyesha kwa kidevu, tukachuchumaa, baada ya dakika kumi hivi nguruwe mwitu wakaanza kupita, wanagonga meno, tunawasikia zaidi ya tunavyowaona, mmoja tu ndiye aliyekatiza kwenye kijia. Kesho yake alituamsha usiku, tukakaa mbele ya ukuta wa udongo ambao kasuku wakubwa wanakuja kuula, masaa matatu bila kuongea, miguu imekufa ganzi, halafu wakaja wawiliwawili, wekundu, mpaka ukuta ukafunikwa. Mzee alikuwa ananiangalia mimi, sio kasuku, anatabasamu. Miaka yake yote ameona lile jambo na bado alitaka kujua kama nimeliona vizuri.

Niliporudi mjini nikaenda ofisini na ile karatasi ya 100%. Sikuomba hela, niliomba waache kuiandika. Yule dada hakunielewa kabisa, akaniuliza lakini anakonda si ulimuona? Nikasema nilimuona. Akasema sasa shida iko wapi. Bosi akatoka ndani akaniambia wageni ndivyo wanavyotaka, yeye asipoahidi jirani yake anaahidi, na mwongozaji asiyeleta mnyama hapati bakshishi. Lile la bakshishi ndilo lililoniuma kwa sababu ni kweli, niliwaona wenzangu wanavyomjazia yule kijana noti mwisho wa safari.

Kwa hiyo nawaomba mnaopanga kwenda, iwe Rurrenabaque, iwe Pantanal, iwe popote penye msitu na maji, ulizeni swali moja kabla ya kutoa hela: tusipomuona mtafanyaje? Akikujibu lazima mtamuona, ondoka. Akikujibu basi hamjamuona, hapo kaa chini muongee bei, na bei yake usiikandamize. Na bakshishi mpe yule aliyekataa kumgusa mnyama, mpe mbele ya wenzake waone.

Rivyu niliandika siku niliyorudi, jana nimeangalia haipo, nimeiandika upya leo. Kuna walioniomba inboksi niweke picha ya yule anakonda humu. Ninayo moja, nilipiga akiwa kwenye majani baada ya watu kuondoka. Siiweki. Picha zilizobandikwa kwenye ule ukuta nazo zilianza kwa mtu kurusha picha yake mtandaoni.