Je, blokucheni ingemaliza ugomvi wa kura Kenya?

Mwanafunzi wa kompyuta, Eldoret: Habari zenu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya seva, yaani kompyuta za tume ya uchaguzi zinazopokea matokeo. Blokucheni ni daftari lenye nakala kwenye kompyuta nyingi. Ukichezea ukurasa wa jana, wengine wanajua. Matokeo yakiwekwa humo, si ugomvi utaisha?

Msimamizi wa kituo 2022, Kilifi: Mwanangu, swali lako limenigusa. Kituo changu kilikuwa darasa la shule ya msingi. Tulihesabu usiku, kila karatasi naiinua mawakala wa wagombea waione. Kisha Fomu 34A, ya matokeo ya kituo: naijaza kwa kalamu, mawakala wanatia sahihi, wanapewa nakala, nyingine naibandika mlangoni. Ndipo naipiga picha fomu hiyo kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume, na kuituma. Blokucheni yako ingeingia hapo mwisho. Saa tisa usiku nilitaka kuandika 217 badala ya 271. Wakala mmoja, mama mtu mzima, akanishika mkono: "Mwalimu, soma tena." Bila yeye, daftari lako lingelitunza kosa langu vizuri sana, lisifutike.

Mwanafunzi: Nimekuelewa, mwalimu. Lakini ikishatumwa, nani anailinda?

Msimamizi: Hapo una hoja. Ila mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, na aliyetaka akajijumlishia. Picha ikitofautiana na karatasi ya mlangoni, mvuvi wa hapa ataona kwa macho yake. Blokucheni ataelezwa na mtaalamu, na itabidi amwamini. Mimi siutaki uwazi wa kusimuliwa.

Karani wa masjala, Nairobi: Kwenye kumbukumbu za serikali inafaa. Estonia wanatumia teknolojia ya jamii hiyo tangu 2012, na nchi ya Georgia walianza mradi wa hati za ardhi mwaka 2016. Lakini Georgia walikuwa wamesafisha sajili yao miaka mingi kabla. Hati mbili za shamba moja zikiingia humo, zote mbili zitakaa.

Mwanafunzi: Basi nitengeneze nini?

Msimamizi: Programu ndogo ya simu. Wakala apige picha nakala yake, ilinganishwe na ile ya tovuti, namba zikipishana imwambie papo hapo. Na ifanye kazi hata mtandao ukiwa dhaifu, maana kwetu unashika ukiwa chini ya mwembe tu.