Tupeane uzoefu: mnaochangia gari moja kwenda mjini, jioni mnarudije?

Wakuu, habari za jioni. Naishi Goba, kazini Posta. Mtaani tuko wanne tunaopanda IST ya jirani. Kila Jumatatu tunamtumia hela ya mafuta ya wiki, na EWURA, wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi tunapiga hesabu upya. Asubuhi raha tupu, hata kama Mwenge kumefunga. Jioni ndiyo balaa: mmoja anatoka saa tisa, mwingine anaitwa kikao dakika ya mwisho, mwenye gari anataka kupitia Kariakoo. Tunaishia kila mtu kutafuta usafiri wake, na ule unafuu wa asubuhi wote unaliwa na bodaboda. Mnaofanikiwa mnafanyaje? Na tafadhali msiniambie nipande mwendokasi. Kutoka kwetu hadi Kimara kwenyewe ni daladala, tena ya kugombania.

Wa Tabata
Sisi tuliacha kungojana. Saa kumi na moja na nusu gari linaondoka, haupo shauri yako. Mwanzoni watu walinuna, mmoja akajitoa kabisa. Waliobaki wamejua kuaga mapema.

Dada wa Mbagala
Kwetu wanawake, kabla ya hela kuna suala la nani yuko ndani ya gari. Niliwahi kupanda gari binafsi linalookota watu Posta usiku, mvua inanyesha. Kufika Uhasibu dereva akakunja kuingia Temeke, eti anakwepa foleni. Nikaangalia siti ya nyuma, wote wanaongea kama watu wanaofahamiana. Nikadai kushuka palepale, nikashushwa, nikamalizia na bajaji. Inawezekana kweli alikuwa anakwepa foleni, sijui. Tangu hapo napanda na watu wa ofisini tu, na siku akiongezeka mgeni tunaambiwa tangu mchana.

Dereva wa mtandaoni
Nisemee upande wetu. Watu wanadhani teksi za mtandao zinapunguza magari barabarani. Abiria mmoja namtoa Masaki hadi Mbweni, halafu narudi tupu, au nazunguka nikisubiri simu iite. Hapo nimepunguza nini? Tungebeba wawili watatu wa njia moja ingekuwa hadithi nyingine, ila abiria wa Dar akilipia gari analitaka lake peke yake, hata kama anaenda kwenye jengo moja na jirani yake. Na hesabu ya kila siku ya tajiri, mwenye gari, hainiulizi nimerudi tupu au vipi. Mwaka 2022 LATRA, wadhibiti wa usafiri wa nchi kavu, walipoweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni inamkata dereva, Uber walisimamisha huduma, wakarejea 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Mimi kilichoniokoa ni kufunga mfumo wa gesi, ingawa foleni ya kujaza nayo ni kazi ya nusu siku.

Wa Bunju
Mtoa mada, angalieni na upande wa sheria. Kuchangiana mafuta na majirani ni kitu kimoja, kutoza nauli ni biashara inayotaka leseni ya LATRA. Na bima ya gari binafsi haijakatwa kwa abiria wa kulipa. Kukitokea ajali mtaelewana vipi na kampuni? Jirani yako akianza kujazia siti kwa watu wa kituoni, shukeni.

Mtoa mada
Nimekupata mkuu wa Bunju, nitaliongea. Wa Tabata, siku mwenye gari anaumwa au gari liko gereji?

Wa Tabata
Sisi wote tuna magari, kwa hiyo hatuchangi hata shilingi. Wiki hii la kwangu, wiki ijayo la mwenzangu. Mwenye zamu akipata dharura anaandika kwenye grupu kabla ya saa nne usiku, anayefuata anatoa lake. Asiyeandika analipia teksi ya wote. Imetokea mara moja tu, ikatosha.