Hivi kwanini kwenye hadithi za kukimbizwa lazima mtu atupe chanuo?

babajunia: Wadau, juzi namsimulia dogo ile ya Warusi ya Baba Yaga, yule bibi mchawi, binti anamkimbia anatupa taulo nyuma linakuwa mto, anatupa chanuo linakuwa msitu mnene. Dogo kauliza mbona bibi ana kinu cha kusafiria na bado kashindwa? Nikakosa jibu. Ziko na kwingine hizi?

shangazi_wa_ngano: Zipo kibao. Wajapani wanayo kwenye Kojiki, kitabu cha mwaka 712. Mungu wao Izanagi kamfuata mkewe kuzimu kamkuta kaoza ana funza, akatoka nduki, majimama ya huko yakamfukuza akatupa pambo lake la kichwani zikaota zabibu, yakasimama kula kwanza 😂 akatupa chanuo ikaota mianzi michanga, yakasimama kula tena!! Mwisho mapichi matatu, na njia akaiziba kwa jiwe kubwa.

mtukutu: hao walikuwa na njaa sio hasira. Ila Baba Yaga nae, alivyokwama mtoni si akarudi home akaleta ng'ombe wake wakaunywa wote. Msitu ndo akautafuna kwa meno wapi

Kijana wa Bara: Mi naona chanuo lina mantiki yake, meno yamebanana vile, ukilisimamisha tayari msitu huo. Anayetisha ni Medea wa Wagiriki, kuna simulizi alimkatakata mdogo wake akatupa vipande baharini ili baba yao asimame kuokota

babajunia: Shukrani wakuu, ya Izanagi nampa leo leo. Ya Medea simwambii ng'o